"Court" ya mahakamani na "court" ya uchumba: ni neno moja au mawili?

Swali: Ninatafsiri hadithi fupi ya Kiingereza kwa ajili ya darasa la tafsiri, na humo mna sentensi isemayo "He courted her for two years." Niliandika "Alimtongoza kwa miaka miwili", lakini mwenzangu akasema hakuna mtu anayetongozwa miaka miwili, na mwingine akapendekeza "alimposa". Nilipofungua kamusi nikakuta kwamba "court" ni korti. Je, haya ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu, au ni neno moja? Na kama ni moja, mahakama iliingiaje katika mapenzi?

Jibu: Ni neno moja, na mwenzako aliyeikataa "alimtongoza kwa miaka miwili" alikuwa na hoja nzito. Hata hivyo, mahakama haikuingia katika mapenzi, wala mapenzi hayakutokea mahakamani. Maana zote mbili zilizaliwa katika makao ya mfalme, kisha kila moja ikashika njia yake: ya kwanza ilifuata kazi ya mfalme ya kuamua kesi, na ya pili ikafuata mienendo na maneno ya watu waliomzunguka mfalme wakitafuta upendeleo wake. Tukiifuata njia hii ya pili kwa makini, suala lako la tafsiri nalo litapata jibu, kwa sababu kitenzi "to court" hadi leo kinamwonyesha mtu anayeomba mbele ya mwenye uwezo wa kumpa au kumnyima.

Chanzo cha mbali tunachoweza kukishika ni neno la Kilatini "cohors", ambalo maana yake ya mwanzo ilikuwa ya kishamba kabisa: ua uliozungushiwa uzio, mahali pa kuku na mifugo. Sehemu yake ya pili ni ndugu wa "hortus", yaani bustani katika Kilatini hichohicho, na kwa ukoo wa mbali zaidi ni ndugu wa maneno ya Kiingereza "yard" na "garden", ambayo nayo yanataja mahali palipozungushiwa. Kutoka maana ya ua, neno likahamia kwa waliomo ndani ya ua, na kwa hiyo Warumi wakaliita "cohors" kundi la askari lililokuwa sehemu ya kumi ya lejioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi lao. Ndiyo asili ya "cohort" tunayoisikia vyuoni na katika miradi, wanapotajwa watu walioanza pamoja. Midomoni mwa watu wa kawaida "cohors" ilifupika ikawa "cortis" au "curtis", ikatumika kwa shamba la bwana mwenye ardhi pamoja na nyumba yake, na alama ya maana hiyo bado ipo katika majina ya vijiji vya kaskazini mwa Ufaransa vinavyoishia kwa "-court", kikiwamo Azincourt, ambako Waingereza waliwashinda Wafaransa vitani mwaka 1415. Kiingereza chenyewe, baada ya kusahau kwamba "court" ni ua, kiliunda neno "courtyard", ambalo kwa asili yake linasema ua mara mbili.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali ili aelewe jinsi mahali pa kukaa panavyogeuka kuwa mamlaka, kwa kuwa neno letu "baraza" limepita njia hiyohiyo. Baraza ni lile benchi la mawe lililojengwa mbele ya nyumba, kama yalivyo mengi Lamu, Mombasa na Unguja, ambapo wanaume huketi kuzungumza na kunywa kahawa. Kutoka benchi, neno likawa jina la mkutano wa walioketi, kisha la mkutano ulioitishwa na chifu, kisha la chombo cha dola kama Baraza la Mawaziri au Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na leo nchini Tanzania kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo husikiliza mashauri na kutoa hukumu. Hakuna anayeona ajabu kwamba jina la benchi ni jina la chombo kinachoamua nani ni mwenye kiwanja. "Court" nayo ilitoka kwenye ua wa bwana, ikawa nyumba ya bwana, ikawa watu wanaomzunguka bwana, na bwana alipokuwa mfalme, ikawa dola nzima inayotembea pamoja naye.

Nasema inayotembea kwa sababu wafalme wa Uingereza wa zama zile hawakukaa mahali pamoja. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliitwaa nchi hiyo mwaka 1066, na katika karne ya 12 neno lao la Kifaransa likaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza, likimaanisha mfalme pamoja na wakuu, makarani, makasisi na watumishi waliosafiri naye kutoka jimbo hadi jimbo. Mwenye shauri alilazimika kuufuata msafara huo popote ulipo. Adha hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Magna Carta, hati ya haki ambayo mfalme wa Uingereza aliikubali mwaka 1215, iliagiza, katika kifungu ambacho sasa huhesabiwa kuwa cha 17, kwamba mashauri ya kawaida baina ya raia yasiifuate "curia" ya mfalme bali yasikilizwe mahali maalumu. Na "curia" ndilo neno la Kilatini ambalo makarani walilitumia kwa kile ambacho watu walikiita "court". Baadaye mashauri hayo yalitulia Westminster, jirani na London, na chombo kilichoyasikiliza kiliendelea kuitwa "court" hata mfalme alipokuwa mbali nacho. Hiyo ndiyo "court" ambayo Kiswahili kiliipokea kuwa korti, ikaishi jirani na mahakama tuliyoitoa katika Kiarabu. Upande wa pili haukufa: mpaka sasa balozi anayepelekwa Uingereza husemwa rasmi kwamba amepelekwa kwenye Court of St James's, na hapo hapana hakimu wala kesi, bali nyumba ya mfalme tu.

Sasa tuingie ndani ya nyumba hiyo, maana huko ndiko kitenzi chako kilikozaliwa. Katika makao ya mfalme kulikuwa na mamia ya watu ambao riziki, vyeo na hata uhai wao vilitegemea kupendwa na mtu mmoja. Mtu wa namna hiyo, aitwaye "courtier", alitakiwa ajue kuvaa, kucheza ngoma za kiungwana, kutunga shairi, kusifu bila kuonekana anajipendekeza, na kuomba bila kuonekana anadai. Adabu hizo zilipewa jina la mahali pake, zikaitwa "courtesy", na kutokana nayo likapatikana "curtsy", yaani kule kupiga goti kidogo kwa mwanamke anapotoa heshima. Wenyewe walilijua jambo hili: mshairi Edmund Spenser aliandika mwaka 1596 kwamba "courtesy" imeitwa hivyo kutokana na "court" kwa kuwa huko ndiko inakopatikana kwa wingi. Mwongozo wa maisha hayo uliosomwa zaidi Ulaya ulikuwa wa Mwitalia Baldassare Castiglione, uliochapishwa mwaka 1528 na kutolewa kwa Kiingereza na Thomas Hoby mwaka 1561, na sehemu yake ya mwisho inahusu mapenzi, kwa sababu katika nyumba hizo kumsifu bibi na kumsifu bwana kulitumia maneno yaleyale.

Kwa hiyo mtu alipofanya kwa mwanamke yale aliyoyafanya kwa mfalme, yaani kuhudhuria kwake kila mara, kumpelekea zawadi, kumsifu, kumvumilia anapokasirika na kungoja neno lake kwa unyenyekevu, ilisemwa kwamba anamfanyia "court". Kifaransa husema "faire la cour", Kiitalia "corteggiare", na Kihispania "cortejar". Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Kijerumani, ambacho hakikuazima neno lenyewe: Wajerumani husema "den Hof machen", na "Hof" yao ni neno tofauti kabisa lenye maana ya ua wa shamba na pia makao ya mfalme. Maana ya mapenzi haikutegemea sauti za "court", bali ilitegemea picha ya maisha ya kasri ambayo Ulaya nzima iliifahamu. Katika Kiingereza, kitenzi hiki chenye maana ya kumbembeleza mwanamke kinaonekana katika nusu ya pili ya karne ya 16, na "courtship", ambayo kwanza ilikuwa tabia ya watu wa kasri, ikapata maana ya mapenzi kabla karne hiyo haijaisha.

Wakati wenyewe unaeleza mengi. Kuanzia mwaka 1558 hadi 1603 Uingereza ilitawaliwa na Elizabeth wa Kwanza, mwanamke ambaye hakuolewa. Wana wa wafalme waliomtaka ni wengi, akiwamo Erik wa Sweden na François, mtawala wa Anjou, mdogo wa mfalme wa Ufaransa, ambaye alifunga safari mwenyewe kwenda kumwona na ambaye Elizabeth alimpa jina la utani la Chura. Waliokuwa nyumbani kwake nao, wakitaka ardhi au cheo, walimwandikia mashairi kana kwamba wote ni wapenzi walioteswa na uzuri wake. Mchezo huo ulikuwa na makali: Walter Raleigh, mmoja wa vipenzi vyake, alipooa kwa siri Elizabeth Throckmorton, aliyekuwa akimhudumia malkia, wote wawili walifungwa katika Mnara wa London mwaka 1592. Katika nyumba kama hiyo, kuomba cheo na kuomba penzi vilikuwa ni kitendo kimoja machoni pa watu, na si ajabu kwamba neno moja lilitosha kwa vyote viwili.

Shakespeare analitumia neno likiwa bado katikati ya njia. Katika tamthilia ya Romeo na Juliet, tendo la tatu, onyesho la tatu, Romeo amehukumiwa kuhamishwa mjini, naye analia kwamba hata nzi wa mizoga wana "courtship" kumzidi yeye, kwa kuwa nzi wanaweza kutua kwenye mkono mweupe wa Juliet ilhali yeye amekatazwa. Hapo "courtship" ni hadhi ya muungwana wa kasri, na wakati huohuo ni nafasi ya kumkaribia mpenzi. Mwandishi hakuchagua moja, na msikilizaji wa wakati wake alizisikia zote.

Niseme neno kuhusu maelezo moja maarufu ambayo huenda utakutana nayo ukitafuta zaidi. Husimuliwa kwamba Eleanor wa Aquitaine, malkia wa karne ya 12, na mabibi wengine wa Ufaransa waliendesha mahakama halisi za mapenzi, ambamo wapenzi walishtakiana na kuhukumiwa, na kwamba hapo ndipo "court" ilipopata maana ya uchumba. Hukumu hizo zimo katika kitabu cha kasisi Andreas Capellanus cha mwishoni mwa karne ya 12, lakini wanahistoria wengi huziona kuwa mchezo wa kifasihi, si kumbukumbu za vikao. Isitoshe, kitenzi cha Kiingereza kinatokea karne nne baadaye. Ni simulizi ya kuvutia ila haijibu swali.

Mahali ambapo sheria na mapenzi hukutana kweli ni katika neno jirani, "suit". Hili limetoka katika neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kufuata, ndiyo maana nguo zinazofuatana huitwa "suit", nasi tukapata suti. Kulifuatilia shauri mbele ya hakimu ni "suit", kufuatilia ombi kwa mkubwa ni "suit", na kumfuatilia mwanamke kwa ajili ya ndoa pia ni "suit". Mfuatiliaji wa aina zote tatu aliitwa "suitor". Tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi imejengwa juu ya mbili kati ya maana hizi, ya ndoa na ya kesi: nusu yake ni wanaume wanaokuja kumposa Portia kwa kuchagua kati ya visanduku vya dhahabu, fedha na risasi, na nusu nyingine ni kesi ya Shylock, mkopeshaji wa fedha. Katika Kiingereza chake, wale wachumba wa mwanzo wanasemwa kuwa hawatamsumbua tena Portia kwa "suit" yao, na baadaye Portia, akiwa amejigeuza mwanasheria, anamwambia Shylock kwamba "suit" anayoifuata ni ya ajabu. Mtafsiri wa Kiswahili hulazimika kutumia maneno mawili hapo, posa na kesi, na hakuna wa kumlaumu.

Hili linaturudisha kwenye kazi yako. "To court", katika hadithi za Kiingereza za karne ya 18 na ya 19, ni mwenendo wa muda mrefu wenye nia ya ndoa, unaofanywa hadharani kiasi kwamba wazazi na majirani wanaujua: kijana anakuja Jumapili, anaketi sebuleni wazazi wakiwapo, analeta kitabu au maua, anaandika barua. Kutongoza hakubebi mzigo huo. Kutongoza ni kumshawishi mtu kwa maneno akubali mapenzi. Kunaweza kumalizika jioni moja, hakuahidi ndoa, na masikioni mwa wengi kuna harufu ya ulaghai. Vijana wa Dar es Salaam wasemao "nimemtokea" na wa Nairobi wasemao "nimemkatia" wanazungumzia kitendo hichohicho cha mara moja. Kuposa nako ni kitendo cha siku maalumu, tena si cha mtu mmoja. Kuna mshenga, kuna barua ya posa, kuna ukoo unaoketi kujibu, na Kiingereza kina "to propose" kwa hatua inayofanana nacho. "Courting" ndiyo iliyo kabla ya hapo, na ndiyo inayochukua miaka.

Neno "kuchumbia" lingefaa, na zamani ningelichagua bila kusita, lakini siku hizi ukisema "amemchumbia" wengi huelewa kwamba posa imekubaliwa na pengine pete imevishwa. Kwa hiyo tazama hali ya mwanamke katika hadithi. Kama hajakubali, andika "Kwa miaka miwili alimbembeleza akitaka kumwoa", kwa sababu kubembeleza kunahifadhi ule unyenyekevu wa muombaji ambao ndio kiini cha neno. Kama wote wawili wamekwisha kuelewana na kinachosubiriwa ni posa tu, "Walikaa katika uchumba kwa miaka miwili" ni sahihi zaidi, na hata Kiingereza chenyewe husema "they were courting" bila kutaja nani anambembeleza nani. Ningekushauri usitumie "alimposa" kabisa hapa, maana ungeifunga hadithi kabla mwandishi hajaifunga.

Angalia pia umri wa hadithi. Marekani mwishoni mwa karne ya 19 ilianza kuibadilisha "courting" kwa "dating", na mwandishi George Ade wa Chicago ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa mwanzo kulichapa neno "date" kwa maana ya miadi ya mapenzi, mwaka 1896. Mabadiliko hayakuwa ya neno tu. Katika "courting" kijana alikwenda kwa kina msichana, ilhali katika "dating" wawili hao walitoka pamoja kwenda dansini, mgahawani na baadaye sinema, mbali na macho ya wazazi. "Courtship" ikabaki neno la wazee, hadi makanisa ya kiinjili ya Marekani yalipolifufua katika miaka ya 1990 kwa makusudi, likimaanisha uchumba wenye nia ya ndoa na usimamizi wa wazazi. Ukilisikia leo kwenye semina za vijana za makanisa ya Kenya na Tanzania, likipambanishwa na "dating", hilo ni neno la zamani likiwa na kazi mpya, na "uchumba" wa kawaida unatosha kulitafsiri.

Kwenye magazeti utakutana na "court" isiyo na mapenzi hata kidogo. Chama kinaweza ku-"court" wapiga kura au serikali ika-"court" wawekezaji, na hapo tunasema kinawarai wapiga kura, au serikali inawavutia wawekezaji. Mtu anaye-"court" maafa anajitafutia balaa. Maana hizi hazikutokana na mapenzi kwa njia ya sitiari. Ni ile ya kasri moja kwa moja, ya kutafuta kitu kwa mwenye nacho.

Mwisho, usiichanganye "to court" na "to make advances", ijapokuwa kamusi ndogo huziweka pamoja. "Advance" ni kusogea mbele, kutoka "avancer" ya Kifaransa, na hiyo herufi d iliingizwa katika karne ya 16 na watu waliodhani kimakosa kwamba neno linaanza na "ad" ya Kilatini. Anayefanya "advances" anamsogelea mwenziwe kimapenzi kwa neno au kwa mkono, bila ahadi yoyote ya ndoa na mara nyingi bila kujua kama anakaribishwa. Tofauti hii ina uzito nje ya fasihi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, na sera za namna hiyo zinapotolewa kwa Kiswahili, maneno "unwelcome advances" hayafai kuwa uchumba wala kubembeleza, kwa sababu yote mawili yanampamba mkosaji. "Kumtaka kimapenzi mtu asiyeridhia" ni refu kidogo, lakini mfanyakazi atakayelisoma ukutani atajua mara moja kilichokatazwa.